Anakimbia au anateleza? Skii za nyika kuanzia mwanzo

Kila ukifika msimu wa mashindano ya majira ya baridi, kuna video fupi inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kijana wa Norway, Johannes Høsflot Klæbo, amevaa vibao vyembamba virefu miguuni, mbele yake kilima cha theluji, na badala ya kuteleza anakipanda kwa kukimbia, hatua fupi fupi, kama mtu anayewahi daladala ya mwisho. Wenzake anawaacha palepale. Ilipoingia kwenye kundi letu la tuliosoma pamoja, swali la kwanza lilikuwa: "Huyu anateleza au anakimbia?" La pili: "Si wapelekwe Wakenya tu, yaishe?" Wa tatu akataka kujua kama huu ndio ule mchezo wa watu wenye bunduki mgongoni.

Niliahidi kujibu, nikachelewa, na jibu likawa refu kuliko ujumbe wa simu. Ndilo hili.

Sehemu ya kosa ni ya lugha. Karibu kila mchezo wa nchi za baridi tumeuita "kuteleza": kuteleza kwenye theluji, kuteleza kwenye barafu, kuteleza mlimani. Neno lenyewe kwetu ni la ajali. Anayeteleza hakukusudia, ndiyo maana wahenga wakamfariji kwamba kuteleza si kuanguka. Basi mtu akisikia "bingwa wa kuteleza" anapata picha ya mtu anayebebwa na mteremko, kazi yake ni kujizuia asianguke. Katika mchezo ninaotaka kuueleza picha hiyo inapotosha, kwa sababu karibu nusu ya muda wa mbio mtu huwa anapanda.

Tuzitenganishe basi hizi familia. Skii ni vibao viwili vyembamba vinavyofungwa chini ya viatu ili mtu asizame kwenye theluji laini. Anayeshindana kwenye skii za mteremko hupandishwa mlimani na mashine, kisha hushuka kwa kasi kubwa, kiatu chake kimebanwa mbele na nyuma. Huko ndiko alikokuwa Mkenya Sabrina Simader kwenye Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018. Wanaozunguka uwanjani kwa viatu vya makali wako juu ya barafu na hawana skii kabisa. Wanaoruka kutoka kwenye jukwaa refu ni wengine tena. Wale wa bunduki wanacheza baiathloni, yaani skii za nyika zilizochanganywa na kulenga shabaha.

Skii za nyika zenyewe naziita hivyo kwa kufuata "mbio za nyika", jina ambalo msomaji wa Kiswahili analijua vizuri: watu wanakimbia vilimani, mabondeni na kwenye tope badala ya uwanjani. Hapa ni hivyo hivyo, ila tope limekuwa theluji. Njia ya mashindano hupangwa ili takriban theluthi moja iwe ya kupanda, theluthi ya kushuka na theluthi ya vilima vidogo na tambarare. Hakuna mashine ya kumpandisha mtu. Ukitaka kuutambua mchezo huu kwa kutupa jicho mara moja, tazama kisigino. Kiatu kimeshikwa kwenye ncha ya vidole tu, kisigino kinanyanyuka kama cha mtu anayetembea. Mkononi kuna fimbo mbili, na si za kumsaidia asianguke. Ni za kusukumia.

Ngozi ya mbuzi na ulimbo

Hapa ndipo penye fumbo la mchezo mzima, na mimi nadhani historia yake yote ni ugomvi juu ya fumbo hili moja. Mwaga maji ya sabuni kwenye sakafu ya vigae. Ukisukumwa, utakwenda mbali bila jasho. Sasa jaribu kupiga hatua wewe mwenyewe: mguu unakimbilia nyuma, wewe unabaki ulipo. Kitu kinachokuruhusu kuteleza hakikuruhusu kusukuma. Na huwezi kwenda popote kwenye tambarare usiposukuma.

Watu wa kaskazini walilitatua zamani kwa njia ya ajabu. Katika sehemu za Norway, Uswidi na Ufini walivaa skii zisizolingana: moja ndefu ya kutelezea, nyingine fupi ya kusukumia, iliyovishwa ngozi yenye manyoya upande wa chini. Papasa ngozi ya mbuzi utaelewa. Ukipeleka mkono kufuata mlalo wa manyoya ni laini kabisa, ukirudisha kinyume inakukwaruza. Basi ile skii fupi iliteleza ikienda mbele na ikakwama ikirudi nyuma. Mkononi mtu alikuwa na fimbo moja tu. Hizo fimbo mbili unazoziona leo zilienea mwishoni mwa karne ya 19.

Siku hizi kazi ile ya ngozi hufanywa na umbo la skii pamoja na nta. Skii ya nyika si tambarare, imepinda kama upinde uliolazwa: ncha na mkia vinagusa chini, katikati pameinuka. Dukani kuna jaribio rahisi la kumchagulia mtu skii inayomfaa. Skii zinawekwa kwenye sakafu iliyonyooka, mteja anasimama juu yake, na muuzaji anapitisha kipande cha karatasi chini ya wayo. Mteja akigawa uzito wake miguu yote miwili, karatasi inapita huku na huku bila kizuizi, maana katikati hapajagusa sakafu. Akiegemea mguu mmoja, upinde unalala, na karatasi inabanwa, huivuti hata kwa nguvu. Karatasi isipobanwa, skii ni ngumu mno kwake. Ikibanwa hata akisimama kwa miguu miwili, ni laini mno.

Pale katikati panapobanwa ndipo panapopakwa nta ya kushika. Ukikanyaga kwa nguvu, nta inaingia kwenye chembe za theluji na kuzing'ang'ania, unapata pa kusukumia. Ukiachia, upinde unarudi juu, nta inaachana na theluji, na ncha mbili zilizopakwa nta nyingine, ya utelezi, zinakupeleka. Shika, achia, teleza. Mara maelfu katika mbio moja.

Tatizo ni kwamba theluji hazifanani. Kwenye baridi kali chembe zake ni kali kama mchanga mpya, na hutaka nta ngumu. Baridi ikipungua chembe huviringika, nta inatakiwa iwe laini zaidi. Theluji ikiyeyuka na kuganda tena inakuwa kama chumvi ya mawe, na hapo hutumika kitu kinachoitwa klista, ambacho mtu yeyote aliyewahi kutega ndege utotoni atakitambua mara moja: ni ulimbo. Kinanata mikononi, kwenye suruali, kwenye mlango wa gari. Balaa kubwa ni nyuzi sifuri, theluji inapokuwa kwenye mpaka wa kuganda na kuyeyuka. Nta ikiwa laini kidogo tu kupita kiasi, theluji inaganda chini ya skii na mtu anatembea na donge kama anayetoka shambani wakati wa masika. Ikiwa ngumu kidogo tu, haishiki kabisa, na kilimani anarudi nyuma. Ndiyo maana timu kubwa husafiri na malori yaliyogeuzwa karakana na mafundi wa nta ambao majina yao hayatajwi kwenye jukwaa la medali. Bingwa anaweza kushindwa kabla hajaanza.

Kwa miaka mingi nta bora ya utelezi ilikuwa na kemikali za florini, ndugu wa ile inayofanya chakula kisigande kwenye kikaango. Zilifukuza maji vizuri ajabu, lakini haziozi, zinabaki kwenye udongo, kwenye maji na kwenye miili ya watu. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lilizipiga marufuku mashindanoni kuanzia msimu wa 2023/24.

Kutoka porini hadi kwenye saa

Skii ni kongwe kuliko mashindano kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1924 huko Kalvträsk, kaskazini mwa Uswidi, watu waliokuwa wakichimba kwenye ardhi chepechepe walikuta jozi ya skii za mbao pamoja na fimbo yenye kichwa kama sepetu. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba vina zaidi ya miaka 5000. Neno "skii" lenyewe linatokana na neno la Kinorwe cha kale lenye maana ya kipande cha mti kilichopasuliwa. Kilikuwa chombo cha kazi, kama jembe au mtumbwi: kufuata mnyama, kukagua mitego, kwenda kwa jirani.

Jeshi ndilo lililokigeuza kuwa kipimo. Mwaka 1767 wanajeshi wa Norway, nchi iliyokuwa chini ya mfalme wa Denmark, waliwekewa mashindano yenye zawadi za fedha: kushuka bila kuanguka, kulenga shabaha, kukimbia tambarare na vifaa vyote mgongoni. Raia wakafuata. Mwaka 1843 mbio za wazi zilitangazwa gazetini katika mji wa Tromsø, ambao uko mbali kaskazini kiasi kwamba katikati ya baridi jua halichomozi. Kisha akaja Sondre Norheim, fukara kutoka mkoa wa Telemark, aliyetengeneza vifungio vya mizizi na matawi yaliyosokotwa, vikazunguka kisigino bila kukifunga. Mwaka 1868, akiwa na miaka 42, alikwenda kushindana Christiania, mji unaoitwa leo Oslo, akawaacha watu wa mjini midomo wazi. Baadaye umaskini ulimpeleka Marekani, akafia huko.

Mwaka 1888 Mnorwe Fridtjof Nansen na wenzake 5 walivuka Greenland kwa skii. Wawili kati yao walikuwa Wasami, Samuel Balto na Ole Nielsen Ravna, watu wa jamii iliyoishi na skii tangu zamani. Dunia ilimkumbuka Nansen. Safari ile ndiyo iliyouza skii Ulaya nzima, na kwa Wanorwe, waliokuwa bado kwenye muungano na Uswidi hadi 1905, ikawa jambo la utaifa. Ukitaka kuelewa kwa nini Mnorwe hulia machozi kwa sababu ya mbio za kilomita 50 msituni, anzia hapo.

Mashindano ya Holmenkollen, kilimani juu ya Oslo, yalianza 1892. FIS iliundwa Chamonix, Ufaransa, mwezi Februari 1924, wakati wa mashindano yaliyokuja kuhesabiwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Mbio za nyika zilikuwa mbili, kilomita 18 na kilomita 50, na zote alishinda Thorleif Haug wa Norway.

Wanawake hawakuwamo. Walingoja hadi Oslo 1952, wakapewa kilomita 10, na Lydia Wideman wa Ufini akashinda. Kisa cha Vasaloppet kinaudhi zaidi. Hizi ni mbio za kilomita 90 nchini Uswidi, kutoka Sälen hadi Mora, zilizoanza 1922 kwa kumbukumbu ya safari ya Gustav Vasa, aliyekuja kuwa mfalme. Mwaka 1923 mwalimu wa mazoezi ya viungo, Margit Nordin, alizikimbia akazimaliza. Jibu la wakubwa? Mwaka 1924 wakawapiga marufuku wanawake, na marufuku ikadumu hadi 1981. Yaani mwanamke alithibitisha kwamba inawezekana, ndipo wakaamua haiwezekani. Umbali wa wanaume na wanawake katika Kombe la Dunia ulisawazishwa msimu wa 2022/23 tu, na mwaka 2025 huko Trondheim Frida Karlsson wa Uswidi alishinda ubingwa wa dunia wa kilomita 50.

Sasa jambo linalowachanganya watazamaji wengi: anayevuka mstari kwanza si lazima awe mshindi. Utaratibu wa jadi ni kuwaachia washindani mmoja mmoja, kila baada ya sekunde 30, na mshindi ni mwenye muda mfupi. Unashindana na mtu usiyemwona. Olimpiki ya Lake Placid, mwaka 1980, kilomita 15: Juha Mieto wa Ufini alimaliza kwa dakika 41 na sekunde 57.64. Thomas Wassberg wa Uswidi, aliyeanza nyuma yake, akamaliza kwa 41:57.63. Sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa mwendo waliokuwa nao hiyo ni sentimita 6 hivi, upana wa vidole vitatu, baada ya kilomita 15 za msitu. Wahusika wenyewe wa mchezo waliona haya, na baada ya hapo muda wa skii za nyika ukawa unahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde.

Kuna pia mbio za kuanza wote pamoja, za kupokezana, na zile fupi za sprinti, zisizofika kilomita 2, ambazo watu 6 hutimuana na wawili wa kwanza wana uhakika wa kusonga mbele. Sprinti iliingia Olimpiki mwaka 2002. Wazee waliguna kwamba ni mchezo wa televisheni. Ni kweli, ndiyo maana tunautazama.

Ugomvi wa mwaka 1985

Ukisikia "mtindo wa asili" na "mtindo huru", huu ndio mzizi wake.

Kwa karne nyingi mtu alikwenda kwa skii zilizolala sambamba, mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kama anayetembea. Kisha vitu viwili vikabadilika. Katika miaka ya 1970 skii za mbao zikashindwa na za plastiki iliyoimarishwa, nyepesi na zenye kasi. Na mashine zikaanza kushindilia theluji, njia zikawa pana na ngumu kama barabara. Pauli Siitonen wa Ufini alikuwa akitoa mguu mmoja nje ya kijia na kusukuma kwa pembeni, kwenye mbio ndefu. Mmarekani Bill Koch, aliyekwishashtua watu kwa medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1976, aliiona mbinu hiyo Uswidi, akaifanyia kazi, na akashinda Kombe la Dunia mwaka 1982.

Angalia alichokuwa amekigundua. Ukisukuma kwa pembeni, kwa ukingo wa skii, huhitaji nta ya kushika hata chembe. Skii nzima inapakwa nta ya utelezi. Lile fumbo la sakafu ya sabuni likawa limetatuliwa kwa mlango wa nyuma! Miguu inatengeneza umbo la V, mwili unayumba kulia na kushoto, na mtu anakwenda kwa kasi kuliko mwenye mtindo wa babu yake.

Kwenye ubingwa wa dunia wa 1985 huko Seefeld, Austria, karibu kila mtu aliyetaka medali aliteleza hivyo. Wanorwe walilalama kwamba urithi unazikwa. Waliokuwa wakishinda walisema sheria haikuwahi kukataza. Wote walikuwa na hoja. FIS ikaamua kama mzee wa kijiji anayegawa shamba kwa ndugu wanaogombana: mbio zikagawanywa mafungu mawili. Katika mtindo wa asili huruhusiwi kusukuma kwa pembeni, na kuna vijia viwili sambamba vilivyochorwa kwenye theluji kama reli. Katika mtindo huru unafanya upendavyo, na kwa kuwa ile V ndiyo yenye kasi, kila mtu hufanya V. Olimpiki ya Calgary 1988 ilikuwa ya kwanza kwa mgawanyo huo.

Je, yaliisha? Hata kidogo. Wenye mtindo wa asili walianza kujiuliza: kama nguvu ya mikono inatosha, nta ya kushika ya nini? Wakawa wanasukuma kwa fimbo zote mbili kwa pamoja, kiuno kinainama na kunyooka, miguu imetulia kwenye reli. Mtu wa pwani asipate shida kulielewa hili. Ni kupiga pondo: nahodha anachomeka pondo kwenye mchanga, anaegemea kwa uzito wote, chombo kinasogea. Vasaloppet sasa hushindwa hivyo, kilomita 90 za kupiga pondo. FIS ikajibu kwa vipande vya njia ambamo kusukuma kwa namna hiyo ni marufuku, na kwa kikomo cha urefu wa fimbo: katika mtindo wa asili isizidi asilimia 83 ya urefu wa mtu akiwa amevaa viatu. Mwamuzi anapima kwa rula. Mambo yamefika huko.

Mapafu hayatoshi

Turudi kwa "wapelekwe Wakenya". Alipelekwa. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, wa ukoo wa Mike Boit aliyepata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Munich 1972, alipelekwa Ufini mwaka 1996 kwa ufadhili wa kampuni ya Nike. Wazo lilikuwa hilo hilo la kundi letu: mapafu ya Bonde la Ufa, ongeza skii, pata medali. Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, akaanza kilomita 10 za mtindo wa asili. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda. Boit alifika wa 92, wa mwisho, dakika 20 baadaye. Sherehe ya medali ilichelewa kwa sababu Dæhlie alikataa kuondoka mstarini hadi Mkenya afike, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Watu huishia hapo, kwenye kumbatio, wakasahau kwamba alirudi tena Olimpiki ya 2002 na ya 2006.

Kwa nini mapafu hayakutosha? Mkimbiaji husukuma ardhi, na ardhi haimkimbii. Kwenye skii kila hatua ina kipande cha kusimama kwa mguu mmoja juu ya kitu kinachokwenda, bila kuyumba, na anayewahi kushusha mguu wa pili amejipiga breki mwenyewe. Mtoto wa Norway hujifunza hilo kabla ya kujua kusoma. Halafu kuna mikono, kifua, mgongo na tumbo: mkimbiaji wa masafa hufaidika na mwili mwembamba wa juu, mpanda skii anasukuma kwa huo mwili wa juu. Ni kama kumchukua bingwa wa baiskeli ukampa kasia.

Hata hivyo mapafu na damu vina nafasi kubwa mno. Kwa kuwa miguu na mikono vinadai oksijeni kwa wakati mmoja, wapanda skii ni miongoni mwa wanamichezo wenye uwezo mkubwa zaidi wa kutumia oksijeni waliowahi kupimwa. Eero Mäntyranta wa Ufini, mwenye medali 7 za Olimpiki katika miaka ya 1960, alishukiwa kwa muda mrefu kwamba anaongeza damu, kwa sababu chembe zake nyekundu zilikuwa nyingi kupita kawaida. Miaka ya 1990 wanasayansi walikuta ukoo wake una mabadiliko ya jeni yanayoufanya mwili utengeneze chembe hizo kwa wingi. Wengine hawakuwa na ukoo huo, wakatafuta njia za dawa. Mwaka 2001, kwenye ubingwa wa dunia uliofanyika Lahti, Wafini 6 walinaswa kwenye ardhi ya kwao wenyewe. Nchi nzima iliinamisha kichwa.

Sasa yule kijana wa kwenye video. Ule ni mtindo wa asili, ndiyo maana skii zake hazisukumi kwa pembeni. Kilima ni kikali. Kwa kawaida mtu hapo angeshika, asukume, kisha angoje skii imtelezeshe kidogo kabla ya hatua inayofuata. Klæbo aliona kwamba kwenye mwinuko wa namna hiyo mtelezo wenyewe ni wa sentimita chache, na wakati anaungoja anapoteza kasi. Akautupa. Anashika, ananyanyua, anashika tena, hatua za haraka mno ambazo nta ikikosea kidogo tu anarudi chini kifudifudi. Kileleni anaanza upya kuteleza kama wengine, isipokuwa hao wengine wako nyuma. Trondheim 2025 alishinda mbio zote 6 za wanaume.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza kundini ni kwamba pale alikuwa anakimbia, kwa makusudi, na sheria inamruhusu. Nimelituma. Aliyependekeza Wakenya amejibu kwa sauti ya dakika tatu, sijaisikiliza. Yule wa bunduki anauliza kama ulimbo wa ndege unaweza kufanya kazi.